Kitumbua ughaibuni: Unga wa dukani ndio unaowaponza wengi

KWA waishio ughaibuni, chakula cha nyumbani hukumbukwa zaidi mwezi wa Ramadhani unapoingia, pale futari inapoandaliwa na kitumbua hakimo.

Kukibeba kutoka nyumbani si jambo jepesi, kwani hulala siku moja tu kikaanza kuchacha. Sambusa za nyama ndizo zenye matatizo zaidi, maana abiria atokaye Afrika Mashariki haruhusiwi kuingia na nyama katika nchi za Umoja wa Ulaya wala Uingereza. Aidha, tangu Desemba 14, 2019, matunda mabichi yanayoingizwa na abiria katika Umoja wa Ulaya yanatakiwa yawe na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, tende, duriani na, kwa bahati njema ya wapishi wa Pwani, nazi.

Kinachobaki ni kupika, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kununua unga wa mchele uliokwisha kusagwa. Unga huo umesagwa mkavu, na kitumbua chake hutoka kigumu chenye chengachenga mdomoni. Kitumbua hutaka mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa ukiwa mbichi.

Vikombe 2 vya mchele huchujwa maji na kusagwa katika blenda pamoja na kikombe 1 cha tui zito, iliki, sukari nusu kikombe na hamira kijiko 1 cha chai, hadi rojo lilainike kabisa likiguswa kwa vidole. Tui la kopo linafaa, ila lipashwe moto kidogo kwanza, kwa sababu mafuta yake huganda juu wakati wa baridi.

Si kila mchele unafaa. Basmati na mchele wa Thailand wenye harufu hufanya kazi nzuri. Ule uliochemshwa kabla ya kukobolewa, ambao umejaa katika maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, haufai hata kidogo, kwani wanga wake umekwisha kuiva na rojo halishikani. Mchele wa kunata nao hutoa kitumbua kama ulimbo.

Adui wa pili ni baridi. Rojo ambalo Dar es Salaam huumuka kwa muda wa saa moja, katika jiko la London mwezi Januari huweza kukaa saa 3 bila dalili yoyote. Dawa yake ni kuliweka ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiachwa inawaka. Kuongeza hamira ili kuharakisha huleta uchachu, na maji ya moto sana huiua.

Kuhusu chuma cha vitumbua, wasiokuwa nacho wanaweza kutumia kikaango cha Denmark cha kupikia æbleskiver, ambacho kwa kawaida kina mashimo 7, au kile cha Wahindi wa kusini cha paniyaram. Kilicho bora ni cha chuma kizito, kilichopakwa mafuta na kuunguzwa kabla ya kutumiwa mara ya kwanza. Kile cha Japani cha takoyaki kina mashimo madogo mno. Hutoa vitumbua vya kuchezea watoto.

Kwa wapikao mandazi au sambusa, ambavyo huzama katika mafuta mengi, tahadhari ni moja: mafuta yakishika moto yasimwagiwe maji, bali jiko lizimwe na sufuria ifunikwe. Manda za sambusa hazina shida; zile za rolu zinazouzwa zikiwa zimegandishwa katika maduka ya Wachina hukatwa vipande virefu vitatu na kazi ikaisha.

Ubuyu ndio ulioshindikana. Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu kuuzwa kama chakula mwaka 2008, na sasa unga wake upo katika maduka ya vyakula vya afya, tena kwa bei ya kutisha. Lakini unga huo umetolewa kokwa. Unafaa kwa juisi. Ubuyu wa Zanzibar, wenye sukari, rangi na pilipili, hung'ang'ania kwenye kokwa, na ndipo unapomung'unywa.