Kijana wa Dar Aliyejeruhiwa Mahiwa, Akaibuka Berlin Kudai Mshahara Wake

Ukipanda basi la Mtwara kwenda Masasi kupitia Mnazi Mmoja, kuna sehemu karibu na Nyangao utaipita bila hata kuinua macho kwenye simu. Panaitwa Mahiwa. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, hapo palipiganwa moja ya mapigano makali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza upande huu wa Afrika. Waingereza walileta karibu watu 5,000, wakiwemo Wanigeria, Wahindi na askari wa KAR, na zaidi ya nusu yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,500, na theluthi nzima ikaanguka. Na unaposikia "Wajerumani" usipige picha ya wazungu watupu. Wengi walikuwa watu weusi: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani.

Mmoja wao alikuwa dogo wa miaka 13.

Jina alilozaliwa nalo ni Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, Februari 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kijerumani mwenye asili ya Sudan. Vita ilipoanza 1914, mzee na mwanawe wote wakaingia jeshini. Mtoto wa miaka kumi! Leo hii angekuwa darasa la nne au la tano. Miaka mitatu baadaye akajeruhiwa Mahiwa, akadakwa na Waingereza, na vita ikaisha yeye akiwa mateka.

Wenzake waliobaki wazima waliendelea kurudi nyuma. Walipanda uwanda wa Wamakonde, wakapita Newala wakiacha mamia ya wagonjwa na majeruhi njiani, na tarehe 25 Novemba 1917 Lettow akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Kusini ilikuwa imeshachakaa. Kule mdomoni mwa Ruvuma, Wareno walikuwa wameikamata Kionga tangu Aprili 1916. Mikindani na Lindi, Waingereza walishuka Septemba mwaka huohuo. Newala peke yake ilishikwa na Wareno, wakafurushwa, Wajerumani wakarudi, kisha Waingereza. Kila jeshi lililopita lilitaka chakula na mabega ya kubebea mizigo, na ghala lilikuwa ni lilelile, la mwanakijiji yuleyule.

Na mshahara? Hapo ndipo kisa kinapoanza. Wajerumani walimaliza vita mifuko ikiwa mitupu, na askari wao walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Miaka ya 1920 serikali ya Ujerumani ilituma pesa Tanganyika kulipa baadhi ya madeni hayo. Mahjub hakuwa miongoni mwa waliopata. Alikuwa baharini, akihudumu kwenye meli.

Mwaka 1929 aliteremka Ujerumani, akaenda Berlin, akabisha hodi Wizara ya Mambo ya Nje. Alikuwa na madai mawili: mshahara wake na mshahara wa baba yake. Jibu lilikuwa fupi: umechelewa, muda wa madai umepita. Kama umewahi kuzungushwa ofisini kwa sababu ya karatasi, unaijua hiyo lugha. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa na kovu la risasi za vita yao wenyewe.

Hakurudi nyumbani. Akajulikana kama Bayume Mohamed Husen, akapata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, halafu akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933 alimuoa Maria Schwandner, mwanamke wa Kijerumani. Mwezi huohuo Hitler akawa Kansela. Kwa muda mbaya, hakuna kama huo.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1934 Ujerumani ilianzisha nishani kwa wote waliopigana mstari wa mbele katika Vita Kuu. Husen akaomba yake. Hakuomba fedha safari hii. Aliomba tu iandikwe kwamba alikuwepo. Wakamkatalia, kwa kuwa nishani ile haikukusudiwa watu weusi. Kwa hiyo kwenye vitabu vyao, siku ile ya Mahiwa mtoto yule hakuwepo.

Alichofanya jamaa ni kwenda dukani kununua nishani yake mwenyewe. Akaivaa kwenye sare ya askari, akapiga nayo picha, akaonekana nayo kwenye mikutano ya wazungu waliotaka makoloni yarudishwe. Unaweza kumlaumu kwa hilo, na wapo wanaomlaumu, maana alikuwa anawapamba watu waliotaka kuturudisha utumwani. Lakini mtu aliyekataliwa mara mbili mezani alikuwa na njia gani nyingine ya kusema "mimi nilipigana"? Sare ile ndiyo ilikuwa faili lake.

Na ndiyo ilikuwa riziki yake. Hapa wapenda filamu mtashangaa: Mbongo huyu alionekana kwenye filamu zaidi ya 20 za Kijerumani kati ya 1934 na 1941. Mara boi, mara mpagazi, mara mwongoza njia. Ya mwisho ilimhusu Carl Peters, yuleyule tuliyesoma shuleni anaitwa Mkono wa Damu, na Husen akacheza kama mtumishi wake mwaminifu, Ramasan. Studio zilimhitaji kwa sababu zilitaka Afrika ya bandia. Vita ya pili ilipoanza 1939 aliomba tena kuingia jeshini. Wakamkatalia tena.

Mwaka 1941 Gestapo walimkamata. Kosa: uhusiano na mwanamke mzungu. Hakufikishwa mahakamani, alipelekwa moja kwa moja kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alikaa humo miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40.

Husen angalau ana faili la kukataliwa. Wapo wasio na hata hilo. Ukipita Posta pale Dar utaiona Sanamu ya Askari, Bismini, iliyozinduliwa 1927. Inawaheshimu askari na wapagazi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini jina la mtu halipo hata moja. Kariakoo yenyewe imetokana na jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na wengi wanaoenda kununua nguo pale hawajui. Wapagazi waliandikwa kwa namba, majina yakavurugwa na makarani, na wengi walikufa kwa kuhara na njaa kwenye njia za Lindi na Masasi bila mtu kuandika kitu.

Hesabu yao imeanza kusahihishwa juzi tu. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ikaomba radhi. Cape Town walizindua kumbukumbu ya majina zaidi ya 1,700 Januari 2025. Kwa upande wetu kazi ni ngumu zaidi, maana utayapata wapi majina ambayo hayakuandikwa? Yamebaki kwa wazee: babu fulani alienda na mizigo hadi Ruvuma, hakurudi.

Kuna pia kisa kinachosimuliwa sana cha miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wazee waliokuwa hai bado. Wanasema walikusanyika Mwanza, wengi bila cheti chochote. Mlipaji akampa kila mzee ufagio kama bunduki, akaamuru gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Ukweli wa kila neno humo ni mjadala, ila ukiifikiria, huo ndio utaratibu wa maana kuliko ule wa Berlin.

Husen hakuishi kuuona ufagio huo. Mwaka 2007, mbele ya nyumba namba 193 Brunnenstraße, Berlin, alipokuwa akiishi, liliwekwa jiwe dogo la shaba ardhini lenye jina lake. Dai la 1929 limebaki palepale lilipokataliwa.