Kila Ijumaa Baada ya Swala

Kuna watu huniambia maandamano ya amani ni kupoteza nauli. Sawa. Hebu niwapeleke Bil'in, kijiji cha Palestina magharibi mwa Ramallah, ambacho mwaka 2005 kilikuwa na watu hawafiki hata elfu mbili na mizeituni ya babu zao.

Mapema 2005 tingatinga za Israel zilikuwa zinasafisha njia ya fensi. Serikali ilisema ni ya usalama, na ni kweli miaka hiyo walipuaji wa kujitoa mhanga walikuwa wameua raia wengi wa Israel. Lakini angalia ilipopita: si mpakani. Iliingia kwa mashamba ya watu na kuacha nusu hivi ya ardhi ya kijiji ng'ambo, kule makazi ya walowezi ya Modi'in Illit yalikuwa yanapanuka.

Wakaanza kutoka kila Ijumaa baada ya swala. Walijifunga kwa minyororo kwenye mizeituni, wengine wakajifungia ndani ya vizimba vya chuma. Waisraeli wenye hawakubaliani na serikali yao wakaja kutembea nao. Si ati kila mtu alikuwa malaika, kuna vijana walirusha mawe. Jeshi lilijibu kwa vitoza machozi, risasi za mpira, na kubisha milango usiku.

Ujanja wenye mimi hupenda ni wa Desemba 2005. Walowezi huanza na karavani moja juu ya kilima, kesho unakuta mtaa. Wanakijiji wakasema hata sisi tunaweza. Wakapeleka karavani lao ng'ambo ya fensi, kwa ardhi yao wenyewe, na jeshi likalibeba. Wakarudi usiku, kwa baridi, wakajenga chumba kidogo cha mawe ya kujengea, kwa sababu nyumba yenye kuta si ya kubebwa tu kama karavani. Lazima sheria ifuatwe kwanza. Manze, hiyo ni akili!

Haya yote tunayaona kwa sababu ya Emad Burnat, mkulima aliyenunua kamera 2005 kurekodi mtoto wake wa nne, Gibreel. Kamera zake tano ziliharibika, na moja ilimkinga risasi. Filamu aliyotengeneza na Muisraeli Guy Davidi, 5 Broken Cameras, iliteuliwa kwa Oscar 2013. Kati ya maneno ya kwanza ya Gibreel ni ukuta, na jaysh. Hilo la pili hata wewe unalielewa: jeshi.

Septemba 2007 Mahakama ya Juu ya Israel iliamua kwa kauli moja kwamba njia ya fensi ibadilishwe. Ilisema haikushawishika kwamba ni usalama uliolazimisha ipite pale. Kijiji kikacheza ngoma. Siku iliyofuata mahakama hiyo hiyo ikaruhusu nyumba za walowezi zilizokuwa zimeshajengwa zibaki.

Na fensi? Ilikaa pale pale. Tarehe 17 Aprili 2009, mwaka mmoja na nusu baada ya hukumu, Bassem Abu Rahmeh, yule watoto walimwita Ndovu, alikuwa anawapigia kelele askari, mikono mitupu. Kitoza machozi kilimpiga kifuani akafa, na kamera zilikuwa zinarekodi. Yaani aliuawa akipinga fensi ambayo korti ya wenye fensi ilikuwa imeshasema iondolewe. Hakuna askari aliyeshtakiwa. Tarehe 1 Januari 2011 dadake Jawaher naye akafa baada ya kuvuta gesi kwenye maandamano. Jeshi likapinga kwamba ni gesi iliyomuua.

Juni 2011, karibu miaka minne baada ya hukumu, tingatinga zikaing'oa fensi. Wazee wakaingia tena kwa sehemu ya mashamba yao. Sehemu nyingine ikabaki nyuma ya ukuta mpya wa zege, karibu na makazi ya walowezi. Ijumaa zilizofuata, baada ya swala, watu wakatoka tena, wakielekea ukuta huo.