Curt Flood: Mchezaji aliyekataa kuuzwa

Wadau, najua besiboli siyo mpira wetu, lakini huyu jamaa nimeona nisimpite hivi hivi.

Curt Flood alizaliwa Houston, Marekani, mwaka 1938. Toka 1958 alichezea St. Louis Cardinals, kazi yake ikiwa kudaka mipira mirefu kule nyuma katikati ya uwanja. Alichukua tuzo ya Gold Glove, ile ya wadakaji bora, miaka 7 mfululizo (1963 hadi 1969), na ubingwa mara mbili, 1964 na 1967. Mwaka 1969 alikuwa analipwa dola 90,000. Siyo haba jamani.

Oktoba mwaka huo klabu ikampeleka Philadelphia Phillies bila hata kumuuliza. Mkataba wa kila mchezaji ulikuwa na kifungu kinachoiruhusu klabu kuurefusha kila unapoisha, kwa hiyo we huondoki mpaka wao watake. Ama uende unakopelekwa, ama uache kucheza. Flood akagoma. Mkesha wa Krismasi akamwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba baada ya miaka 12 ligi kuu yeye siyo mali ya kununuliwa na kuuzwa. Kuhn akakataa. Januari 1970 wakafikishana mahakamani.

Hapa ndipo panaponiuma. Jackie Robinson, aliyewafungulia weusi mlango wa ligi kuu mwaka 1947, alikuja kumtolea ushahidi ingawa alishastaafu zamani. Na wale waliokuwa bado wanacheza? Hakuna hata mmoja aliyepanda kizimbani. Chama chao kililipia mawakili, ila wenyewe waliogopea ugali wao. Siwalaumu sana, maana na sisi hapa chuo siku ya mgomo tunajuana.

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikamwangusha, majaji 5 kwa 3. Cha ajabu, ilikiri kwamba kuiachia besiboli isiguswe na sheria za kuzuia ukiritimba, kama ilivyoamua yenyewe 1922, ni jambo lisilo la kawaida, ila ikasema hiyo ni kazi ya Bunge! Wakati huo Flood alishapotea uwanjani. Msimu wa 1970 hakucheza kabisa, na 1971 alicheza mechi 13 tu Washington Senators akaacha, ana miaka 33.

Desemba 1975 msuluhishi akawapa ushindi Andy Messersmith na Dave McNally, kile kifungu kikakosa nguvu, mishahara ikapaa. Watu wa soka, mkumbukeni Bosman wa 1995. Bunge nalo likapitisha sheria yenye jina la Curt Flood mwaka 1998. Mwenyewe alifariki Januari 1997.