Uluguru na Kukua kwa Mamlaka ya Serikali Kuu

Kabla ya ukoloni, Waluguru wa milima ya Uluguru hawakuwa na mtawala mmoja wa milima yote. Ardhi ilikuwa ya ukoo, ikirithiwa upande wa mama, na mndewa, yaani mkuu wa ukoo, ndiye aliyegawa mashamba, kuamua ugomvi wa mipaka na kuongoza matambiko. Kingalu wa Kinole alisifika kwa kuleta mvua, lakini hakuwa na amri juu ya jembe la mtu wa ukoo mwingine.

Amri hiyo ililetwa na serikali. Mwaka 1909 Wajerumani walitenga misitu ya juu kuwa hifadhi. Waingereza nao, chini ya Gavana Donald Cameron na sheria yake ya mwaka 1926, walitawala kupitia wenyeji. Baadaye Sultani Sabu bin Sabu akawa mkuu wa Uluguru. Cheo kilionekana cha kimila, ila nguvu yake ilitoka bomani Morogoro.

Mwaka 1950 ulianza mpango wa kuhifadhi udongo. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa imeenea duniani tangu vumbi lilipofunika mashamba ya Marekani miaka ya 1930, ambako serikali ya shirikisho iliunda idara ya hifadhi ya udongo mwaka 1935. Huko mkulima alivutwa kwa malipo. Lakini Uluguru mkulima alilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na aliyekaidi alishtakiwa. Udongo wenye rutuba milimani ni tabaka jembamba. Kuchimba ngazi kulifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo mfu, mahindi yakadumaa. Wakulima waliujua mteremko wao kuliko mabwana shamba, na walikuwa na haki ya kukataa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa, na TANU, chama kilichodai uhuru, ikapata wafuasi wengi.

Uhuru haukurudisha madaraka kwa wandewa. Katiba ya Jamhuri ya Tanganyika ya mwaka 1962 ilimpa Rais mamlaka makubwa; mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, na wakuu wa mikoa na wilaya wakawa mkono wa serikali kuu. Katiba ya muda ya mwaka 1965 ilihalalisha chama kimoja. Mwaka 1972 hata halmashauri za wilaya zilivunjwa. Hatua hiyo iliitwa madaraka mikoani, ilhali walioamua walikuwa watumishi walioteuliwa na serikali kuu.

Halmashauri zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, na mabadiliko ya katiba ya mwaka 1984 yakaziwekea msingi katika ibara za 145 na 146. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, huku ardhi yote ikibaki ya umma chini ya udhamini wa Rais. Misitu ya kilele, chimbuko la maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam, ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, nayo ingali chini ya serikali kuu.