Kutoka kipoyi hadi pikipiki: namna Goma inavyobeba mgonjwa wa kichwa

Mtu akianguka na pikipiki kwenye Entrée Président saa za asubuhi, hatalala chini dakika mbili peke yake. Wamotari wanasimama, wauza krediti wanaacha meza zao, mama mmoja anamwaga maji juu ya uso wake. Wawili wanamshika mikono, wawili miguu. Kichwa hakina mtu wa kukishika. Anakalishwa kwenye pikipiki ingine, katikati ya motari na kijana mwenye nguvu anayemshikilia kwa nyuma, na safari inaanza huku honi zikilia. Kichwa kinaning'inia na kupiga mgongo wa motari kila gurudumu linaporuka jiwe la lava.

Hiyo ndiyo gari ya wagonjwa ya Goma. Ni ya haraka, na wale vijana hawaombi kwanza pesa wala jina. Kwa mtu aliyevunjika mkono inatosha. Kwa mtu aliyeumia ubongo ao mfupa wa shingo, ile safari ya dakika kumi inaweza kumharibu kuliko kule kuanguka.

Zamani haikuwa hivyo, na si kwa sababu watu wa zamani walikuwa na elimu zaidi. Walikuwa na kipoyi. Wazee wa Masisi, Rutshuru na Walikale wanakijua: miti miwili mirefu, katikati blanketi, mkeka ao kiti, wanaume wanne mabegani na wengine wakifuata ili kupokezana. Wakati wa Wabelgiji, tipoy ilijulikana Kongo nzima kama kiti cha kubebea mzungu. Mkubwa wa serikali alikaa juu, Mukongo alipanda mlima chini yake. Wazungu walipopata magari waliacha kile kiti, lakini milimani watu waliendelea kubebana, na kazi hiyo ilikuwa ya maana kuliko ile ya kwanza. Jirani zetu wanayo yao: Wanyarwanda wanaita ingobyi, na kule Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kuna vyama vya engozi ambavyo kila nyumba inatoa mtu wa kubeba, na asiyetokea anatozwa faini.

Kipoyi kilikuwa na polepole yake. Kutoka kijiji cha juu hadi santeri ya afya kilichukua masaa, wakati mwingine siku nzima, na wengi walikufa njiani. Lakini mgonjwa alilala. Mgongo ulinyooka, shingo haikukunjwa, na mtu wa pembeni aliweza kumtazama uso akitembea. Pikipiki iliongeza mbio ikaondoa kulala. Hapo ndipo hesabu haikufanywa vizuri.

Katikati ya hivyo viwili kulikuwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ambayo mji uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009. Ilitengenezwa kwa makala, viazi na mbao, lakini siku za kukimbia imebeba pia wazee na wagonjwa, wakiwa wamelala juu ya ubao wake. Si kitu cha kuchekwa. Ubao ni ubao.

Mji wenyewe ulijifunza matibabu kwa njia ya misiba. Katika mwezi wa saba 1994, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, kolera ikaingia katika kampi, na makumi ya maelfu wakafa. Mashirika yakaja na mahema, serumu na magari. Kisha tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilitapika lava iliyopita katikati ya mji hadi ziwani. Sehemu ya kiwanja cha ndege ilifunikwa, mji ukakatwa mara mbili. Mgonjwa aliyekuwa upande mmoja hakuweza kupelekwa hospitali ya upande wa pili, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa inawaka. Majengo ya DOCS, kazi iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mke wake Lyn, yaliungua siku zile. Yalijengwa upya, na leo watu wanayajua kwa jina la HEAL Africa.

Mwaka 2012, mwaka ambao M23 iliingia Goma kwa mara ya kwanza, kikundi cha wapasuaji cha Msalaba Mwekundu wa kimataifa kilianza kazi katika hospitali CBCA Ndosho. Tangu hapo waliojeruhiwa kwa risasi na bomu wamepata njia. Kuna wanaojulishwa, kuna magari yenye bendera, kuna vijana wa Msalaba Mwekundu wa Kongo wanaoingia mahali ambapo wengine wanatoka. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipofika ndani ya mji, umeme na maji vikakatika, na Ndosho ikajaa hadi majeruhi wengine wakalala chini. Hata hivyo kazi iliendelea.

Lakini njia hiyo ilichimbwa na risasi. Inamtambua mtu anayetoka damu. Mama wa Katoyi mwenye tansio ambaye mdomo wake umepinda asubuhi na kikombe kikamtoka mkononi, hana damu. Mtoto mwenye malaria ambaye macho yamegeuka juu na mwili unatetemeka, hana damu. Kijana aliyeanguka jana, akasimama, akasema "niko sawa", akaenda nyumbani kulala, naye hana damu ya kuonekana. Ya kwake inakusanyika ndani ya fuvu, polepole, ikikandamiza ubongo, na asubuhi haamki. Madaktari wanajua vizuri hiyo nafasi ya katikati, ambapo mtu anaongea kana kwamba hakuna kitu. Ndugu wanaichukua kama habari njema.

Hata pale inapoonekana kwamba kuna kitu, kinatafutiwa sababu kwingine. Kiharusi, ambacho hospitalini wanaita AVC, bado kinaitwa sumu ya jirani katika nyumba nyingi. Kifafa kinaogopwa kama kinaambukiza kwa povu, basi watu wanakaa mbali wakati ule ambao mgonjwa anahitaji tu kugeuzwa ubavu ili mate yasimzibe pumzi. Ama wanafanya kinyume, wanamwingiza kijiko katikati ya meno. Kijiko hakijawahi kumponya mtu wa kifafa, kimevunja meno. Na siku ya kwanza inaishia kwenye chumba cha maombi ao kwa mganga wa majani. Kuomba hakukatazwi na mtu. Watu waliobeba kipoyi waliomba pia, huku wakitembea.

Namna mji unavyoweza kubadilika kuhusu kichwa cha mwendesha pikipiki, mfano wake uko mbali, lakini unastahili kusimuliwa kwa wamotari. Katika mwezi wa tano 1935, mwanajeshi maarufu wa Uingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki yake akiwakwepa watoto wa baiskeli. Hakuwa na kofia ya kukinga kichwa. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Kati ya madaktari walioitwa kumwangalia alikuwemo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Hakuweza kumwokoa, lakini hakuacha jambo lile. Vita ya pili ya dunia ilipokuja, alihesabu wanajeshi waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki na kufa barabarani kwa majeraha ya kichwa, akaandika mwaka 1941 kwamba kofia ngumu zinaokoa. Mwisho wa mwaka huo jeshi la Uingereza lililazimisha wapeleka barua wake kuzivaa. Raia wa kawaida wa kule walingoja hadi 1973. Miaka zaidi ya thelathini, katika inchi yenye serikali imara na bila vita ndani ya mitaa yake. Hapa kwetu kaske inaning'inia kwenye usukani na kupanda kichwani ikiona polisi, na abiria mara nyingi hana yake.

Cairns alifanya jambo lingine. Hakungojea majeruhi wafike kwake Oxford. Vikundi vya wapasuaji wa kichwa viliwekwa kwenye malori na kupelekwa karibu na mapigano. Alielewa kwamba mgonjwa wa ubongo anapotea njiani.

Katika maeneo yetu ya Afrika wengine wamejaribu kwa pesa kidogo. Kampala, watu zaidi ya 300, polisi, madereva wa taksi na wakubwa wa mitaa, walifundishwa huduma ya kwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kule Iganga, mashariki mwa Uganda, mwaka 2016 waliochaguliwa ni waendesha boda-boda wenyewe, kwa sababu ndio wanaofika wa kwanza, sawa na hapa. Rwanda ilianzisha SAMU mwaka 2007, na mtu wa Gisenyi akiona ajali anapiga 912. Mkaaji wa kawaida wa Goma hana namba moja anayoijua kwa moyo. Ana namba ya motari wake. Na kumekuwa na nyakati nyingi ambapo wakubwa wa mji walikataza pikipiki kutembea usiku kwa sababu ya usalama. Sababu ilieleweka, lakini tansio haifuati saa ya kufunga barabara, na hakuna aliyesema nani atambeba mgonjwa kuanzia jioni hadi asubuhi.

Hakuna walioonja hilo kama wakimbizi wa ndani. Kuanzia mwisho wa 2022 walijaa Kanyaruchinya, kisha Bulengo, Lushagala, Rusayo. Hema zilikanyagana juu ya mawe ya lava, na kati yao gari halikupita. Mtu aliyeanza kutetemeka usiku alibebwa ndani ya blanketi hadi barabara kubwa, na huko walingoja kupambazuke. Blanketi lenye watu wane kwenye pembe, lakini shingo imekunjwa kama ya mtoto mgongoni. Wangekuwa na ubao ao mlango wa zamani, mgonjwa angenyooka.

Mwezi wa pili 2025 kampi zilibomolewa na familia zikaambiwa zirudi. Wengi walirudi Sake, Masisi na Rutshuru, mahali ambapo vituo vya afya vilikuwa vimeporwa ao waganga wamekimbia. Sake ni karibu kilometa 25 kutoka Goma. Vijiji vya juu yake ni mbali zaidi kuliko kilometa zinavyosema. Huko kipoyi hakijawahi kustaafu. Madaktari Wasio na Mipaka wenyewe, kwa sababu ya barabara za Masisi, wametumia pikipiki za kubeba wagonjwa, na kabla ya pikipiki kufika, mgonjwa anashushwa mlima kwa mabega.

Wale wa mabegani wanaweza kufanya mengi bila dawa. Kumlaza ubavu anayetetemeka na kutoweka kitu mdomoni. Kutompa maji wala uji mtu ambaye mdomo umepinda, kwa sababu huenda hawezi kumeza na vitaingia mapafuni. Mmoja kushika kichwa na shingo ya aliyeanguka vikiwa mstari mmoja na mgongo, na wote kunyanyua kwa pamoja. Na kuangalia saa.

Saa ndiyo wanayoisahau wote. Tangu mwaka 1996 kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya ubongo, lakini inafaa tu ndani ya masaa matatu, baadaye ikaonekana hadi manne na nusu, na baada ya skaneri kuhakikisha kwamba si mshipa uliopasuka. Kwa wengi wa Goma dawa hiyo bado ni habari ya inchi zingine. Hata bila hiyo, daktari wa zamu anahitaji kujua kama mgonjwa aliongea baada ya kuanguka, kama alitapika, kama mtoto ametetemeka dakika mbili ao nusu saa.

Kwa hiyo mlangoni swali la kwanza ni hilo: ilianza saa ngapi? Ndugu wanatazamana. Walipigiwa simu, hawakuwepo. Aliyekuwepo ni motari, na motari amekwisha kulipwa, amegeuza pikipiki, na yuko tena kwenye Entrée Président akitafuta abiria.