Muhuri wa Kitako cha Ganda: Risasi ya .22-250 na Swali la Umiliki wa Ujuzi nchini Marekani, 1915–1965

Katika maandishi mengi kuhusu silaha za kuwindia nchini Marekani, risasi ya .22-250 Remington hutajwa kuwa ya mwaka 1965. Tarehe hiyo ni sahihi iwapo kuzaliwa kwa risasi maana yake ni kuingizwa katika orodha ya bidhaa za kiwanda. Hata hivyo, wawindaji walikwisha kuitengeneza kwa mikono yao na kuwindia kwa takribani miaka thelathini kabla ya hapo. Makala hii inachunguza kiwanda kilichukua nini hasa mwaka huo, na kutoka kwa nani. Inadaiwa humu kwamba kiwanda hakikuleta uvumbuzi, bali kipimo kimoja. Na kwamba kipimo hicho, pamoja na manufaa yake makubwa, kiliweka jina la kampuni juu ya kazi ya watu wengi.

Istilahi zinahitaji kufafanuliwa kwanza, kwa kuwa Kiswahili hutumia neno risasi kwa madini, kwa kipande kinachoruka na kwa kitu kizima kinachotiwa bundukini. Humu, risasi ni kitu kizima. Ganda ni kikopo cha shaba nyeupe kinachobeba baruti, na fataki yake hukaa kitakoni. Kichwa ni kile kinachotoka kasibani. Risasi ambayo haitengenezwi na kiwanda chochote, bali hupatikana kwa kubadili umbo la ganda la risasi nyingine, Wamarekani huiita kwa jina la paka-mwitu. Nitaiita risasi mwitu.

Mfano uliofungua njia ni .22 Hornet. Katika miaka ya 1920, kundi dogo lililohusishwa na karakana ya serikali ya Springfield, wakiwamo Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns, lilichukua ganda la .22 WCF, risasi ya baruti nyeusi ya mwaka 1885, na kulijaza baruti isiyo na moshi. Winchester ilianza kuuza risasi hizo mwaka 1930, kabla ya viwanda vikubwa kutoa bunduki za kuzitumia. Kwa hiyo, mnunuzi wa kwanza alilazimika kwenda kwa fundi abadilishiwe chemba ya bunduki aliyokuwa nayo. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka: fundi wa mtaani alikuwa sharti la kuwapo kwa soko, wala hakuwa pembezoni mwake.

Mahitaji yalitoka mashambani. Mnyama aliyelengwa zaidi katika majimbo ya mashariki alikuwa woodchuck, wa jamii ya kindi, anayechimba mashimo malishoni. Ni mdogo, hukaa mbali, na huishi karibu na nyumba na mifugo. Kichwa chepesi chenye kasi kubwa hupita kwa mstari ulionyooka zaidi, na kikigusa ardhi huvunjika vipande badala ya kudunda na kwenda kusikojulikana. Hornet, yenye kasi ya awali ya futi 2,400 hivi kwa sekunde, iliishiwa nguvu mapema. Kilichotafutwa kilikuwa ganda lenye nafasi kubwa zaidi ya baruti.

Ganda hilo lilikuwapo tangu 1915, pale Charles Newton alipoibunia kampuni ya Savage risasi ya .250-3000, jina lililotangaza kasi ya futi 3,000 kwa sekunde. Kulifinya shingo lipokee kichwa cha inchi .224 hakukuhitaji kiwanda. Kulihitaji kalibu ya chuma, mafuta kidogo na uvumilivu. Wotkyns alifanya hivyo. Winchester ilivutiwa na wazo lake, lakini ilipotoa .220 Swift mwaka 1935 ilitumia ganda lililotokana na risasi ya jeshi la majini, 6mm Lee. Kichwa cha greni 48 kilitangazwa kwenda futi 4,110 kwa sekunde. Ganda la Savage likaachwa mikononi mwa mafundi.

Mwaka 1937 J. E. Gebby na J. Bushnell Smith walikamilisha umbo lao, wakaliita Varminter, na Gebby akalisajili jina hilo. Hapa ndipo suala la umiliki linapojitokeza wazi. Mafundi wengine, waliokuwa wakifinya ganda lile lile, hawakuweza kulitumia jina lenye mwenyewe. Wakaiita risasi yao kwa hesabu tu,.22 kutoka .250. Jina lililodumu ni lile ambalo hakuna aliyelimiliki.

Kwa mtafiti, hali hiyo ina ugumu wake. Ganda la risasi mwitu huwa na muhuri wa risasi nyingine. Anayeokota ganda la mwaka 1950 atasoma kitakoni .250 Savage, ilhali shingo inasema jambo jingine, na hakuna alama ya fundi aliyelibadili. Wala jina lenyewe halikutosha: chemba mbili zilizoitwa .22-250 ziliweza kutofautiana katika pembe ya bega au urefu wa shingo, kwa sababu kila fundi alikata kwa chombo chake. Kipimo cha baruti kilichokuwa salama katika bunduki moja kiliweza kuwa hatari katika nyingine. Aidha, kasi zilizotajwa na wapakiaji wa zama hizo zisomwe kwa tahadhari, maana kronografu ilikuwa chombo cha maabara, na wengi walikadiria kwa kuangalia kichwa kilishuka kiasi gani kwenye shabaha. Binafsi naona ganda lenyewe ni shahidi bora kuliko masimulizi, ingawa ni shahidi mwenye jina la kuazima.

Vita Vikuu vya Pili vilipofanya vichwa kuadimika, Fred Huntington wa Oroville, California, alianza mwaka 1943 kutengeneza kalibu za kugeuza maganda matupu ya .22 ndogo kuwa gamba la vichwa vipya. Kampuni yake, RCBS, hadi leo imehifadhi katika herufi zake za mwanzo jina la mnyama wa milimani aliyewindwa kwa vichwa hivyo. Biashara ya vifaa vya kupakia risasi nyumbani ilikua kutokana na uhaba wa namna hiyo.

Mwaka 1963 Browning iliuza bunduki yenye chemba ya .22-250 ingawa hakuna kiwanda kilichouza risasi zake. Mnunuzi alitarajiwa kujipakia mwenyewe. Ulikuwa mwaliko usio wa kawaida, na unathibitisha kwamba wapakiaji walikwisha kuwa soko. Miaka miwili baadaye Remington ilitoa risasi kamili, ikiwa na bega la nyuzi 28, na tofauti za mafundi zikakoma kuwa na maana kwa mnunuzi wa kawaida. Ganda likapata muhuri unaolingana na umbo lake kwa mara ya kwanza. Kando ya tarakimu ambazo mafundi walizitumia ili kulikwepa jina la Gebby, kiwanda kiliongeza jina lake.