RUZUKU YA MBOLEA NA DAFTARI LA MKULIMA

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twaona ni wajibu kueleza kwa ufupi habari za msaada wa Serikali kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini.

Msaada huo haukuanza jana. Ruzuku ya zamani iliondolewa katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 Serikali iliirejesha kwa kuchangia gharama za kusafirisha mbolea hadi mikoani kwetu. Kisha ukaja mpango wa vocha, tangu msimu wa 2008/09 hadi 2013/14. Mkulima alipewa vocha tatu: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia na ya mbegu. Kamati ya kijiji ilichagua majina, na mkulima akalipa nusu ya bei. Lakini mnyonge aliyekosa nusu hiyo alibaki na karatasi mkononi, na wengine waliziuza.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulienea duniani. Mwezi Aprili mwaka huo Marekani ilitangaza kuwalipa wakulima wake dola bilioni 16 moja kwa moja. Sisi hatukulipwa fedha mkononi; hata hivyo madhara yalitufikia kwa njia ya duka la pembejeo. Shughuli za viwanda na meli zilivurugika, bei ya mbolea ikapanda mwaka 2021, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vikaizidisha. Mfuko wa kilo 50 wa Urea ukapita shilingi 120,000.

Tarehe 8 Agosti, 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya. Kwa msimu wa 2022/23 zilitengwa shilingi bilioni 150, na mfuko ule ukashuka hadi karibu shilingi 70,000. Fedha hizo hazikupita mkononi mwa mkulima. Wakala aliuza kwa bei ya chini, na Serikali ikafidia tofauti. Ili kununua, ilimpasa mkulima awe ameandikishwa na kupewa namba yake.

Basi hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ufunguo wake ulikuwa daftari. Makongolosi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mbeya. Aliyeandikishwa lakini akakosa nauli alichelewa msimu. Asiye na simu alitegemea hisani ya jirani. Mwanamke aliyelima shamba lililoandikwa kwa jina la mume, na mtu aliyelima shamba la kukodi, walikuwa katika hatari ya kusahauliwa kabisa, ingawa majembe yao hayakupumzika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata ruzuku hupotea vivyo hivyo. Kwa hiyo twawasihi viongozi wa vyama vya msingi wasome majina yote mbele ya mkutano kabla ya mvua. Kila alimaye aandikwe kwa jina lake mwenyewe na kwa ekari zake za kweli. Na wanachama waagize mbolea kwa pamoja, ili gari moja lifanye safari ambayo mkulima mmoja hawezi kuilipia.